Mwaka wa Kuonja Uji wa Mke Mwenzangu

Bibi yangu amekaa eda. Babu alituacha mwezi uliopita. Alijilaza mchana na kofia yake kichwani, kama mtu anayengoja kuitwa harusini, na hakuamka. Tangu siku hiyo Bibi anavaa nyeupe, hatoki nje ya ua, na mimi kila nikirudi kutoka lise, shule yetu ya sekondari, hata viatu sijavua, Shangazi Salma ananiambia: "Zaina, nenda ukakae na bibi yako. Usimuache peke yake." Maneno hayo hayo aliyasema miaka mitatu iliyopita, kwa sauti ile ile ya mtu anayeongea huku anapuliza moto. Chumba nacho ni kile kile cha nyuma: kitanda cha mbao ambacho mguu wake mmoja ni tofali, sanduku la bati, na dirisha la nondo. Ukichungulia kati ya ukuta wa jirani na pipa la kuchemshia chikichi, unaona kipande cha ziwa kisichozidi ukubwa wa leso. Kilichobadilika ni mlango. Sasa uko wazi. Mwaka ule ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwangu, chini ya shati la shule, kama hirizi.

Najua watu watacheka. Kumbukumbu za maisha huandikwa na wazee wenye mvi, mimi nina miaka kumi na saba na jina langu bado linaandikwa ubaoni kwa kupiga kelele. Lakini mwaka ule ni wangu, na hapa nyumbani wanausimulia vibaya. Habari za nani alimzaa nani naziacha. Hapa kwetu Rumonge ukianza nazo utavuka ziwa mpaka Uvira, urudi kwa njia ya Kigoma, na upande wa mama bado hujaugusa. Mjue tu kwamba nililelewa na Bibi na Babu, na kwamba Bibi na mimi ni wake wenza. Msishtuke, ni desturi. Kwetu bibi na mjukuu wake wa kike ni watani, wanamgombania bwana mmoja, na bwana mwenyewe ni Babu, fundi cherehani wa barazani, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka. Nikiwa mdogo, nikimpelekea chai, Bibi anapiga kelele mtaa mzima usikie: "Muangalie huyu mwanamuke! Hana hata meno, anataka kuninyang'anya bwana!" Meno yalipoota nikamjibu: "Yako yanakwisha, yangu ndiyo yanakuja. Babu, chagua." Babu anasimamisha cherehani, anatutazama sote wawili, anasema, "Mimi nilitaka chai tu," kisha anaendelea kushona.

Bibi aliuza mawese sokoni na alikuwa na mdomo ulioogopwa mpaka upande wa samaki. Mizaha yote inayonitoa darasani leo ni yake, mimi nimerithi tu. Na alikuwa na alama moja. Kabla ya kukutupia tusi la utani, kona ya kushoto ya mdomo wake ilipanda kidogo, ikatangulia neno. Ukishaijua ile kona huwezi kukasirika. Mimi nilijua kuisoma kabla sijajua kusoma.

Mwaka huo nilikuwa mwaka wa tisa wa shule, mwaka wa mtihani wa taifa, na Bibi aliteleza sokoni kwenye mafuta yake mwenyewe. Hakuvunjika, ila magoti na kiuno vikaanza kumuuma, akaandikiwa vidonge vya kalisiyumu na ampule moja ya vitamini ya mifupa, ile unayoivunja shingo, krak, ukamimina mafuta yake kwenye mkate. Aliambiwa anywe hiyo moja, kisha miezi ipite ndipo arudi. Shangazi Salma alielewa vizuri sana. Aliona tu kwamba ni uchoyo. Mama amemzaa, amemnyonyesha, amembeba mgongoni wakati wa kukimbia vita, leo ampe kichupa cha ukubwa wa kidole halafu akae kungoja miezi? Akaamua iwe moja kila Ijumaa, siku ya baraka, Babu akishatoka msikitini. Baba mdogo aliye Bujumbura hakutaka kushindwa na dada yake, akawa anatuma maboksi kwa basi la asubuhi. Majirani nao walileta ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, kwa sababu ufukoni kwetu kila mtu anajua kwamba ndagala huliwa pamoja na mifupa yake, na kwa hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye mifupa yako. Ndagala ikatwangwa ikawa unga, unga ukatiwa kwenye uji wa asubuhi na wa jioni. Kuanzia Magara mpaka Nyanza-Lac hapakuwa na mwanamke ambaye mifupa yake ilipendwa kama ya Bibi.

Kwanza alinyamaza. Alikaa sokoni na bidoni zake za mawese bila kuita mteja, nzi wakatembea juu ya faneli ya kumiminia asiwafukuze. Nikimwambia, "Bwana wetu anakuuliza," alijibu, "Nimechoka." Nimechoka! Neno hilo lilikuwa geni nyumbani kwetu kama theluji. Kisha ikaja kiu. Alikunywa maji kama mtu aliyemeza jivu, akaenda chooni, akarudi kwenye mtungi, akaenda chooni tena, lakini haja kubwa ilimkatalia siku baada ya siku na tumbo likawa gumu kama ngoma. Alisahau majina. Alimwita Shangazi kwa majina ya dada zake waliokwisha kufa. Shangazi akasema mama anadhoofika, na Ijumaa iliyofuata akavunja ampule mbili.

Halafu siku moja saa ya chakula nilimpelekea Babu chai barazani, na Bibi, aliyekuwa amekaa mkekani, akasema: "Huyu mwanamuke amekuja kunitoa kwenye nyumba yangu."

Nikamjibu kama kawaida: "Ndiyo, na kitanda nachukua. Wewe utalala na kuku."

Nikangoja ile kona ya mdomo. Haikupanda. Alinitazama kama mtu aliyefunua mtungi akakuta nyoka, akasogea nyuma mpaka ukutani, akaita: "Salma! Salma we! Muke wa baba yako anataka kuniua!" Nilicheka, nikidhani ameongeza ufundi. Nilicheka peke yangu. Tangu nizaliwe tuliulisha utani ule pamoja, kila siku, kama mbuzi wa nyumbani, na siku ile ulisimama kwa miguu miwili ukaingia ndani ukakaa kama mtu.

Wiki iliyofuata alitoka na gauni la ndani, akasimama katikati ya barabara ya Bujumbura, akawazuia wachuuzi wa samaki na baiskeli zao, akiwaambia kwamba mke mwenza ameuza nyumba yake na sasa anampikia sumu. Wachuuzi walikuwa wateja wake. Mmoja akavua koti akamfunika, akamleta nyumbani, wala hakutaka hata maji ya kunywa, aliondoka akitazama chini. Hiyo aibu ndiyo iliyonunua kufuli. Shangazi ilimbidi akae sokoni badala ya mama yake, na Babu hakufaa kupewa ufunguo, kwa sababu Bibi akilia tu angefungua. Nikapewa mimi, mke mwenza mwenyewe, mtu ambaye mgonjwa alimwogopa kuliko wote duniani. Hivyo ndivyo tulivyofungwa wawili. Nikitoka shule naingia, Shangazi anabana kufuli kwa nje mpaka amalize kupika, ndipo nampitishia ufunguo dirishani, kwa sababu Bibi alikuwa na nguvu za kunisukuma. Nilisikia wenzangu wakishuka ziwani kuogelea, nikawajua kwa sauti zao mmoja mmoja, nami nimeweka daftari la jiometri juu ya sanduku la bati, mbele yangu kuna mtu anayenihesabu vidole kuona kama nimeficha kitu.

Uji ukiletwa, ndipo kazi yangu inaanza.

"Nani amepika?"

"Shangazi."

"Uongo. Onja."

Naonja.

"Meza. Fungua mudomo nione. Ulimi juu. Onja tena, hapo chini, sumu inakaa chini."

Nilikunywa nusu ya uji wake kila jioni, na unga wa ndagala unabaki kwenye meno kama mchanga. Mifupa yangu ya leo inaweza kubeba kamiyo na mizigo yake. Nilijaribu kila kitu nilichokuwa nacho: nilimwigiza diregita wa shule akitafuta miwani iliyo usoni kwake, nikamwigiza imamu mwenye mafua, nikamwigiza yeye mwenyewe akipunja mtu mawese. Alinitazama bila kupepesa, kisha akauliza kwa upole, upole ule ndio ulionitisha: "Watu wa kwenu wanajua uko hapa?" Mara nyingine alilia bila sababu, machozi yanashuka tu na uso umetulia. Mara nyingine alilala ameketi. Lakini kila alipoamka aliomba maji, na baada ya maji aliuliza kama Babu yu hai.

Kwa ajili ya swali hilo Babu alihamisha cherehani. Aliitoa barazani, wateja wakawa hawamwoni tena, akaiweka uani chini ya dirisha la nondo, na akawa anashona hapo kutwa nzima. Ikilia, Bibi anatulia. Ikinyamaza, anaruka: "Wamemuua! Wamemuua bwana yangu!" Kwa hiyo Babu hakunyamaza. Siku moja nilichungulia kati ya nondo nikaona sindano haina uzi. Alikuwa anapitisha kitambaa kile kile kitupu, kina matundu kama chujio, huku na huku, huku na huku, na macho yake yako kwenye ukuta.

Kupitia dirisha hilo hilo nilisikia mipango. Shangazi alikuwa anachambua mchele na Mama Asha, jirani yetu anayejua ugonjwa wa kila mtu isipokuwa wake.

"Ile si mifupa tena, dada," alisema Mama Asha. "Ni jini. Jini wa ziwa anapenda mutu wa mawese."

"Mimi nasema ni damu haina nguvu. Nimeongeza vitamini."

"Ongeza, haikatazwi. Lakini upande wa Nyanza-Lac iko muzee mumoja. Anafunga mutu na munyororo kwenye muti, anamusomea, mpaka jini atoke."

"Muda gani?"

"Mpaka atoke."

"Na asipotoka?"

Mama Asha alipuliza makapi ya mchele. "Basi anabaki kule. Angalau barabarani hatatembea tena."

Shangazi alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. Kisha akasema, "Jumamosi basi. Nitatafuta taksi." Cherehani ya Babu iliendelea, lakini ilikuwa inakwenda vibaya, kama mtu anayechechemea. Baadaye nilimuuliza kama atakubali. Babu alinivika kofia yake kichwani, kama alivyonifanyia nikiwa mdogo, akasema: "Zaina, mimi sijui. Kumufunga hapa sijui, kumupeleka kule sijui. Nilikuwa najua kushona." Nilitegemea mtu mzima aseme neno lingine. Usiku kucha nilishika ule ufunguo, na sikuwa na mahali pa kumpeleka hata kama ningefungua.

Jumamosi tulimtoa. Alikuwa ametapika tangu alfajiri, midomo imekauka kama maganda ya kitunguu, miguu haimbebi. Dereva wa taksi alimwona, akazima gari.

"Huyu munapeleka wapi?"

"Nyanza-Lac," alisema Shangazi.

"Huyu hafiki Nyanza-Lac. Atanifia kwa njia. Mama, hii ni taksi, si gari ya maiti. Mimi namupeleka hospitali, hapo karibu, au namushusha. Muchague."

Shangazi alibishana, akamwita majina, lakini yule mtu alikuwa amekwisha kugeuza gari, naye Babu alikuwa amekwisha kuingia ndani na kumpakata Bibi kichwa. Hivyo ndivyo jini wa ziwa alivyopelekwa hospitali, kwa sababu dereva aliogopa kuchafuliwa viti.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa milimani, Kiswahili chake kinatafuta njia. Alibana ngozi ya mkono wa Bibi, ikabaki imesimama. Aliuliza maji anakunywa kiasi gani, chooni anakwenda mara ngapi, tangu lini akili imebadilika. Akauliza: "Anakunywa dawa gani?"

"Hapana dawa, Dogiteri," alisema Shangazi. "Hata moja. Ni vitamini tu."

Hakudanganya. Kwetu dawa ni kitu kichungu cha mgonjwa. Vitamini ni chakula kilichovaa vizuri. Daktari akaandika. Akaniona mimi nimebana ukutani na shati la shule, akauliza, "Na wewe iko nani wake?"

"Mimi ni muke mwenzake."

Kalamu ikasimama. Shangazi akanifinya kiunoni. Lakini daktari alicheka, alikuwa na uso uliochoka na kicheko kilimtoka kama kikohozi, na mimi mtu akinicheka mara moja siwezi kujizuia. Sijui kama ilikuwa woga au nini. Nikamwonyesha wiki nzima ya nyumbani kwetu. Nikawa Shangazi: "Bismillahi, mama, fungua mudomo, Ijumaa ni siku kubwa," krak, naivunja ampule shingo, krak, na ya pili, "hii ya mwanao wa Bujumbura asije akanuna." Nikawa majirani wanaotwanga ndagala, twa, twa, twa, "mifupa inataka mifupa." Nikawa Bibi anakunywa kidonge kinachochemka kwenye kikombe, kipovu puani. Nikawa mimi mwenyewe, naonja, naonyesha ulimi. Hata Babu alitabasamu. Nilipofika Ijumaa ya pili, nikavunja tena ampule zangu za hewa, nikaona daktari hacheki.

"Rudia hapo," alisema. "Ile ya kuvunja. Kila nini?"

"Kila Ijumaa."

"Tangu lini?"

"Tangu ateleze. Kabla ya mvua."

Akamgeukia Shangazi, akamwambia kwa upole, "Mama, ampule moja ni ya miezi." Kisha akaita muuguzi, akaagiza serumu, maji ya kutundika, na damu ya Bibi ikapelekwa Bujumbura kupimwa. Majibu yaliporudi alituketisha kwenye benchi akatueleza. Kalisiyumu si mali ya mifupa peke yake. Iko ndani ya damu pia, kwa kipimo chake, na ubongo unaisikiliza. Ikipanda mno, mtu anakauka, anakosa choo, anahuzunika bila msiba, anasahau, na wengine wanaanza kuona maadui, wanaota macho yakiwa wazi. Wengine huipata kwa tezi ndogo za shingoni zilizoharibika, lakini kwa Bibi hatukuhitaji kutafuta mbali. Ile vitamini ya ampule ndiyo inayoivuta kalisiyumu iingie kwenye damu, nayo inajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo, kwa hiyo tusitegemee apone kesho.

Shangazi aliketi na mikono imefungwa mapajani. "Basi ni mimi," alisema. "Nilikuwa namupenda mama yangu." Daktari akasema, "Ndiyo, mulimupenda wote. Sasa mumupende na maji." Sijawahi kumcheka Shangazi kwa jambo hilo, na mimi nimemcheka kwa kila kitu, hata kwa anavyokula embe.

Tulirudi nyumbani bila ampule na bila unga wa ndagala, lakini sehemu ngumu ilikuwa bado. Kabla ya yote Babu alininyooshea mkono nimpe ufunguo, akaling'oa lile kufuli mlangoni, akaondoka nalo. Mlango ukawa wazi na Bibi hakutoka. Alikaa chumbani mle mle, siku nyingine ananijua, siku nyingine mimi ni yule mwanamke. Nami niliendelea kwenda kukaa, sasa hakuna aliyenifungia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila siku nilikuwa nachagua. Naonja, nameza, natoa ulimi. Mtihani wa taifa ukapita hivyo, na maksi zangu zilifanana na wakati wenyewe.

Mpaka jioni moja uji uliletwa, wa mahindi mtupu, Bibi akachungulia ndani ya kikombe kwa muda mrefu. "Muke mwenzangu," akasema, "leo umeniwekea sumu gani?" Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika kijiko. Nikainua macho kwa mazoea tu. Kona ya kushoto ya mdomo ilikuwa imepanda, kidogo sana, inatetemeka kama mtoto anayejifunza kusimama. Nikasema, "Sumu ya kukosa sukari. Nimeimaliza mimi na bwana." Akatoa sauti. Haikuwa kicheko bado, ilikuwa kama pampu iliyokaa bila maji. Nje, chini ya dirisha, cherehani ikanyamaza yenyewe, na kwa mara ya kwanza Bibi hakuruka.

Watu wanadhani hapo ndipo alipotoka chumbani. Mimi nasema hajatoka kabisa, kwa sababu ya macho yetu. Miaka mitatu hii akisahau jina tunatazamana. Akichelewa kucheka, Shangazi anaacha anachofanya. Akiomba maji mara mbili, nyumba nzima inasikiliza kama atayaomba mara ya tatu. Mtu akishafungiwa mara moja, hata kiu yake si ya kwake tena. Yeye anajua, na wiki hii ameonyesha kwamba anajua.

Alinituma barazani kutafuta uzi mweupe kwenye droo ya cherehani, iliyokwisha kurudi huko, shela yake ya eda imechanika. Chini ya vitambaa nikakuta kile chenye matundu kama chujio, Babu amekikunja vizuri, na ndani yake lile kufuli na ufunguo wake. Nikavirudisha haraka, nikampelekea uzi.

"Na kile kingine?" akasema.

"Kipi, Bibi?"

"Usinifanye mujinga, mimi ni mujane, si kipofu. Nilimuona akikiweka. Kilete."

Nikaleta. Kabla ya kukipokea aliomba maji, akanywa, akanipa kikombe nimjazie tena, akanywa, akaomba tena. Nikasimama na jagi mkononi. Sikuweza kumimina. Nilikuwa namtazama mdomo, na mdomo ulikuwa umetulia kabisa.

"Ndagala ya mchana ilikuwa na chumvi ya kuhifadhia maiti," alisema, "na mupishi ni wewe. Mimina."

Nikamimina. Akanywa taratibu, ananitazama juu ya ukingo wa kikombe, akinipa nafasi ya kumtazama kadiri ninavyotaka. Kisha akavuta sanduku la bati, akaweka ndani kofia ya Babu na kile kitambaa chenye matundu, akafunga kufuli kwenye sanduku, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika. Ufunguo akauning'iniza shingoni kwangu, akauingiza chini ya shati la shule kwa kidole chake mwenyewe, mahali pale pale.

"Shika," alisema. "Kazi hiyo unaijua."

Nikaugusa juu ya shati. Na hapo ndipo kona ikapanda.

"Halafu ukae vizuri, muke mwenzangu, unatokatoka nini? Na wewe umefiwa na bwana. Nani alikwambia eda ni ya kwangu peke yangu?"